Watoto wanataka kuteleza kwenye theluji ya Kibo: je, twende Jumamosi?

Swali: "Watoto wangu watatu, wa miaka 6, 9 na 13, wameona kwenye televisheni familia moja ya Ulaya ikiteleza kwenye theluji kwa skii, vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni, baba mbele na watoto nyuma yake kama vifaranga. Kesho yake asubuhi walifungua dirisha wakaikuta Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, nyeupe pe, wakaniambia: Mama, theluji si ile pale? Twende Jumamosi. Nimekosa la kuwajibu. Je, familia inaweza kwenda kuicheza theluji ile na kurudi siku hiyo hiyo? Na kama haiwezekani, niwapeleke wapi?" Mama Neema, Moshi.

Jibu: Mama Neema, nimekuwa nikiongoza watu mlimani kwa zaidi ya miaka 20, na swali la watoto wako nimeulizwa pia na watu wazima waliokwenda shule, kwa hiyo wasionekane wamesema la kitoto. Theluji ile hamwezi kuifikia Jumamosi, na hata mngeifikia msingeweza kuteleza juu yake kwa skii. Hata hivyo siku nzuri ya familia mlimani ipo, tena karibu kabisa nanyi, na baada ya hapo nitakueleza skii inachezwa wapi barani humu, kwa yule aliyejaliwa nauli.

Kinachowadanganya watoto ni macho. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Kibo, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 30, umbali ambao gari la Himo huumaliza kabla abiria hajapitiwa na usingizi. Lakini mji uko kwenye mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari na kilele kiko mita 5,895, kwa hiyo kati ya dirisha lenu na weupe ule kuna kimo cha mita 5,000 hivi, na mwili wa binadamu mlimani hauhesabu kilomita, unahesabu kimo. Kila mnapopanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Moshi ikiwa na nyuzi 30 saa nane mchana, kileleni saa hiyo hiyo, chini ya jua hilo hilo, ni baridi ya kugandisha maji. Hewa nayo hupungua, hata pumzi moja unayovuta kileleni inakupa takriban nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni Tanga. Ndiyo sababu wapandaji hutumia siku 5 hadi 8 kwa safari nzima, na ndiyo sababu pia mamlaka za hifadhi haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni. Wawili kati ya watatu wako wamekwisha kuzuiwa na kanuni hiyo, nami naiunga mkono, maana mtoto mdogo huumwa na kimo kabla hajajua maneno ya kukieleza anachokisikia.

Kisha kuna theluji yenyewe. Huku kwetu neno barafu limebebeshwa kila kitu, kuanzia ile ya ukwaju inayouzwa kwenye kifuko nje ya shule hadi ile ya mlimani, lakini kwa swali lako inabidi tuzitenganishe. Weupe mnaouona mwaka mzima, ule ulioganda sehemu zile zile, ni barafu ya kale iliyoshindiliwa kwa karne nyingi, ngumu kama mwamba, na ukiikaribia utaona kingo zake zimesimama wima kama ukuta wa ghorofa. Weupe unaozuka ghafla asubuhi moja ya Aprili au Novemba, ukashuka hadi mabegani mwa Kibo, huo ndio theluji: imeanguka usiku, wakati ninyi mjini mlikuwa mnapata mvua. Siku kama hiyo wape watoto karatasi wauchore mlima saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha wauchore tena jioni mawingu yakifunuka. Wataona wenyewe kwamba mpaka wa chini wa weupe umepanda. Kilimanjaro iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua huipita utosini mara mbili kwa mwaka, na theluji changa haidumu: nyingine huyeyuka, nyingine hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, kwa kuwa hewa ya juu kule ni kavu mno. Inayosalia hulala tabaka jembamba juu ya changarawe na mawe ya volkano. Skii, kwa upande wake, inataka theluji nene, iliyoshikana, iliyofunika kila jiwe, kwenye mteremko ambao mwisho wake unajulikana. Ukiteleza kwenye tabaka jembamba, jiwe la kwanza linakuvunja mguu, na hospitali iko mwendo wa siku mbili chini yako.

Si kwamba hakuna aliyewahi kujaribu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii, na sehemu mojawapo ya barafu ya kileleni inaitwa Furtwängler hadi leo. Mwaka huo huo ndio wanasayansi wanaouanzia hesabu zao, kwa kuwa ramani ya barafu yote ilichorwa wakati huo, ikaonekana inafunika kama kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2007 asilimia 85 ya eneo hilo lilikuwa halina barafu tena. Mimi nilianza kazi nikiwa mgumu, jina ambalo wapagazi wa mlima huu hujiita, na kipande hicho cha Furtwängler nimekishuhudia kikipungua mpaka kikapasuka vipande. Watoto wakikuuliza tena kuna nini kule juu, wape jibu la zamani kuliko yangu. Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe ule akiwa njiani, mwongozaji wake wa Kiafrika aliuita kwa neno moja tu: baridi. Huko Ulaya mabingwa wa jiografia walibishana kwa miaka kama theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta, na wala hawakuwa wametia mguu huku.

Sasa tuje kwenye Jumamosi yenu. Ushauri wangu ni njia ya Marangu, kwenda na kurudi kituo cha Mandara, pamoja na kreta, yaani shimo la volkano, ya Maundi kwa watakaoweza. Mnapita Himo, mnapanda Marangu Mtoni, na kwa gari binafsi mko langoni baada ya saa moja na kitu. Lango liko kwenye mita 1,870 hivi, yaani mkifika tu mmekwisha kupata kimo cha mita 1,000 juu ya mji bila kutoa jasho. Mwongozaji mwenye leseni ni lazima, hata kwa wenyeji, na ada ya mwananchi ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mgeni, mradi uweze kuthibitisha uraia, kwa hiyo chukueni vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ulizeni siku moja kabla kuhusu bei ya sasa na namna ya kulipa, kwa maana kusimama dirishani na noti mkononi saa tatu asubuhi, watoto wakilia kwamba wengine wameshaondoka, si mwanzo mzuri wa siku.

Njia ya kwenda Mandara ni kama kilomita 8, yote ndani ya msitu. Mtu mzima huimaliza kwa saa tatu, lakini na watoto hesabuni nne, kwa sababu watasimama, na waacheni wasimame. Juu ya miti kuna mbega weupe, ambao mkia wao unaning'inia kama usinga wa mzee wa ukoo, na wakiruka kutoka tawi hadi tawi manyoya meupe ya ubavuni hufunguka kama kanzu iliyoshikwa na upepo. Chini, kwenye kingo zenye unyevu, mwonyesheni mdogo ua dogo jekundu lenye mkonga wa njano uliopinda kama wa tembo. Wataalamu wa mimea wanaliita Impatiens kilimanjari, na duniani kote halioti penye mlima mwingine isipokuwa huu. Kuteleza nako watateleza, wasiwe na wasiwasi, maana mvua ikinyesha tope la Marangu halihitaji skii.

Mandara iko kwenye mita 2,720. Nyumba zake ni za mbao, paa limeshuka hadi karibu na ardhi kwa umbo la pembetatu, na watoto wako watasema mara moja kwamba wameziona kwenye televisheni. Hawatakuwa wamekosea sana, kwa kuwa zilijengwa kwa msaada wa Norway, nchi ambayo neno lenyewe skii limetoka kwao. Kuleni hapo. Halafu wenye nguvu wapande dakika 15 hadi 20 hadi ukingo wa Maundi, kreta ya zamani iliyoota majani. Hapo msitu unaisha ghafla, kulia kwenu mbali kunafunguka tambarare ya upande wa Kenya, na juu yenu, mawingu yakikubali, wako wote wawili, vilele vikuu vya Kilimanjaro: Mawenzi mwenye meno na Kibo mwenye weupe. Kutoka hapo weupe ule hauonekani tena kama rangi. Unaona kingo zake, unaona kivuli chake, na mtoto wa miaka 9 anaweza kukuonyesha kwa kidole pale inapoishia barafu na kuanza mwamba.

Huyo wa miaka 6 huenda asifike Mandara, na hilo lisiwe neno. Kubalianeni kabla ya kuondoka nyumbani kwamba ikifika saa saba mchana mnageuka popote mlipo, hata kama zimebaki hatua mia moja, kwa kuwa mtoto aliyechoka hushuka polepole kuliko alivyopanda na giza la msituni huingia mapema. Katikati ya njia kuna sehemu ya kupumzikia yenye meza. Ikiwa hapo ndipo mwisho wake, mzazi mmoja arudi naye taratibu, wakamalizie siku kwenye maporomoko ya Kinukamori pale Marangu. Maji yanayoanguka humfurahisha mtoto wa umri huo kuliko mandhari yoyote.

Wapo watakaokushauri Shira, upande wa magharibi wa mlima, badala yake, kwa hoja kwamba gari linapanda kupitia lango la Londorossi mpaka kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 3,500, hakuna kutembea, na Kibo iko mbele ya macho. Nami niliwahi kufikiri hivyo. Nilimchukua mtoto wa dada yangu, wa miaka 8 wakati huo, tukatoka Moshi alfajiri, na kabla ya saa sita tukawa uwandani. Alishuka garini akakimbia, akapiga kelele kusikia kama mlima utamjibu. Baada ya robo saa akaketi juu ya jiwe, na nilipommenyea chungwa akalikataa. Mtoto yule hakuwa wa kukataa chungwa. Nikamwambia ni uchovu wa safari, na hapo ndipo nilipokosea, mimi niliyekuwa nalipwa kuwafundisha wengine jambo hilo hilo. Dakika kumi baadaye alitapika na kuanza kulia ameshika kichwa. Tulimrudisha garini tukashuka bila kusimama, na kabla hatujayamaliza mashamba ya viazi ya chini alikuwa anauliza chungwa lake liko wapi. Gari lilimpandisha kwa saa chache kimo ambacho miguu yake ingekichukua kwa siku mbili, na mwili haukupewa nafasi ya kuzoea. Kwa watoto wako Shira isubiri.

Nimeeleza kisa hicho kwa urefu kwa sababu dalili za ugonjwa wa kimo kwa watoto huja zimevaa nguo za tabia mbaya: kununa, kukataa chakula, kutaka kubebwa, kusinzia saa isiyo ya kusinzia. Mtu mzima husema kichwa kinamuuma. Mtoto husema hataki. Katika kimo cha Mandara ni nadra hali hiyo kuwa mbaya, lakini ikitokea, dawa yake ni kushuka, na kumpa panado ili aendelee kupanda ni kuifunika dalili. Na kuna jambo moja ninaloliuliza familia zote za hapa kwetu kabla ya kukubali kazi: je, yupo mwenye selimundu? Oksijeni ikipungua, seli za mgonjwa wa selimundu hupinda na kuziba mishipa midogo, na maumivu yanayofuata si ya kuchezea. Mtoto mwenye hali hiyo asipelekwe mlimani bila daktari wake kuhusishwa, na kama hamjawahi kupima ilhali ukoo wenu una historia yake, pimeni kwanza. Mwenye pumu anaweza kwenda akiwa na dawa yake mfukoni, wala si kwenye begi lililobaki garini. Mwenye mafua asubuhi hiyo abaki nyumbani.

Nguo zisikutishe, wala usinunue dukani. Nenda soko la mitumba la Memorial siku ambayo marobota yamefunguliwa, uulize majaketi ya baridi. Nguo nyingi za skii za Ulaya humalizia maisha yake pale, na wapagazi wetu ndizo wanazovaa. Mimi mwenyewe nilinunua jaketi la bluu ambalo kwenye zipu ya mkono lilikuwa bado linaning'iniza kadi ya kupandia lifti ya skii. Kila mtoto awe na fulana isiyo ya pamba mwilini, kwa kuwa pamba ikilowa jasho haikauki na humgandisha mtu pale anaposimama kula, juu yake sweta, na juu kabisa kitu kisichopitisha maji. Soksi jozi mbili. Kofia ya jua na kofia ya sufu, zote mbili, siku moja. Maji yawe kwenye chupa za kudumu, na chakula kiwe kile wanachokipenda, hata kama ni chapati tupu na ndizi mbivu. Mlimani si mahali pa kumfundisha mtoto kula mboga.

Kuhusu skii ya kweli, nitasema kwa kifupi kidogo, ingawa nina ushahidi wa mwili wangu. Wateja fulani walinialika Austria, na asubuhi nzima nilianguka mbele ya watoto wa chekechea. Viatu vyake ni vigumu kama mguu uliofungwa plasta, na siku ya kwanza yote hutumika kwenye mteremko mdogo usiozidi ule wa kushukia mtoni, mkijifunza kukutanisha ncha za mbele za skii mfano wa paa la nyumba ili kupunguza kasi, na kuanguka kwa ubavu badala ya mgongo. Mwenye miaka 6 huelewa kabla ya saa sita. Baba yake, labda kesho. Mwalimu ni wa lazima, kofia ngumu ni ya lazima, na miwani ya jua pia, kwa kuwa theluji hurudisha mwanga machoni kwa ukali ambao hata sisi wa jua kali hatujauzoea.

Barani humu mahali panapofikika zaidi kwetu ni Lesotho, katika milima ya Maluti, ambako kuna kituo kiitwacho Afriski. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, kwa hiyo unakutana na likizo ya katikati ya mwaka, na theluji inayotumika kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa mashine wakati wa usiku wa baridi, ili wasitegemee mbingu peke yake. Mteremko mkuu una urefu wa kama kilomita moja. Mnaruka hadi Johannesburg, kisha safari ya gari inayokula sehemu kubwa ya siku. Angalieni lakini: kituo hicho kiko juu ya mita 3,000, kuipita Mandara, na yale niliyoyasema kuhusu chungwa yanahusika huko pia, kwa hiyo lalieni usiku mmoja chini kabla ya kupanda. Mahali pengine ni Oukaïmeden nchini Morocco, katika milima ya Atlas, kama kilomita 80 kutoka Marrakech. Huko wako kaskazini mwa ikweta, majira yao yamegeuka, na skii huchezwa kuanzia kwenye Januari, theluji ya mbinguni ikikubali kushuka. Kwa familia ya watu watano gharama yake ni ya kuwekewa akiba miaka, na kwa maoni yangu ni ya pili katika mpangilio, baada ya Marangu.

Kwa Marangu chagueni Januari, Februari, au kati ya Julai na Septemba, na mwepuke Aprili kabisa. Tokeni Moshi saa kumi na mbili asubuhi. Mkirudi langoni jioni, simameni Marangu Mtoni mpate mtori wa moto kabla watoto hawajalala garini, kwa kuwa wakishalala hamtawaamsha. Kisha mtazame huyo wa miaka 13 kesho yake: akiamka akiuliza Horombo iko mbali gani kutoka pale mlipogeukia, niandikie tena, maana hicho ni kituo kinachofuata baada ya Mandara, kwenye mita 3,720, kinataka kulala mlimani, na kwa umri wake kanuni zinamruhusu.